Duchess of Atholl yako si ya kabla ya vita, lakini hukununua takataka

Swali:

"Shikamoo fundi. Naishi Leicester na nimeanza kukusanya treni za zamani za kuchezea. Mwezi uliopita nilinunua boksi la Hornby Dublo kwa pauni 140 kwenye soko la Jumapili. Ndani mna kichwa cha treni cha rangi ya damu ya mzee, kimeandikwa Duchess of Atholl, namba 6231, na herufi LMS kwenye kibehewa chake cha makaa. Kuna mabehewa mawili ya abiria ya bati yenye LMS, matatu ya mizigo, reli zenye reli ya tatu katikati, transfoma nzito yenye waya uliofunikwa kitambaa, na karatasi ya maelekezo yenye namba 16/751/25 chini kabisa. Muuzaji aliniapia kwamba ni ya 1939, akanionyesha picha ya katalogi ya mwaka huo yenye kichwa hichohicho. Rafiki yangu anasema haiwezekani, kwa sababu behewa moja la mizigo ni la plastiki. Nani mkweli? Tena kuna unga wa kijivu kwenye gurudumu moja, na nimeambiwa ni ugonjwa wa chuma unaoambukiza. Nataka kuisafisha, niipake rangi ilipochubuka, kisha nimpelekee baba Mombasa. Alifanya kazi relwe miaka thelathini, na nataka aione ikitembea."

Jibu:

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na hilo linalokukosesha usingizi: kichwa chako si cha 1939. Nalisema hilo bila kukishika mkononi, kwa sababu jina na namba ulivyoviandika vinatosha. Rafiki yako naye amefika kwenye jibu sahihi kwa njia mbovu, na njia hiyo ukiizoea itakupotosha siku nyingine.

Sidhani muuzaji alikudanganya kwa makusudi. Kampuni ya Meccano Ltd ya Liverpool, ile ya Frank Hornby, ilikuwa ikitengeneza treni kubwa za kuchezea tangu 1920, za saizi inayoitwa O. Mwaka 1938, miaka miwili baada ya Hornby kufariki, ikatoa treni ndogo zaidi zenye upana wa milimita 16.5 kati ya reli na reli. Saizi hiyo ni OO, yaani O mara mbili, na ndiko lilikotoka jina Dublo. Vichwa vya kwanza vilikuwa viwili tu: Sir Nigel Gresley namba 4498 wa kampuni ya LNER, na kichwa kidogo cha tanki, yaani kinachobeba maji na makaa chenyewe bila kibehewa, kilichouzwa kwa rangi za kampuni mbalimbali. Duchess of Atholl alitangazwa kuwa yuko njiani. Kisha Septemba 1939 vita vikaanza, kiwanda kikageuziwa kazi za vita, na Duchess akabaki kwenye karatasi. Wanunuzi walimwona madukani mwishoni mwa 1947 na kuendelea 1948. Kwa hiyo picha uliyoonyeshwa ni ya kweli, ila katalogi ni ahadi ya muuzaji kwa mteja, na ahadi ile ilichelewa miaka minane.

Kuna mtego wa pili hapohapo, nao huwanasa wengi. Ukitafuta namba 6231 kwenye intaneti utaambiwa Duchess of Atholl alijengwa Crewe mwaka 1938. Ni kweli, lakini huyo ni yule wa tani nyingi aliyekuwa akivuta abiria kati ya London na Glasgow. Namba iliyo ubavuni mwa treni ya kuchezea ni ya treni kubwa inayoigwa. Haikuambii lolote kuhusu siku ambayo mfano wake ulitoka kiwandani, ila kwamba haukuweza kutangulia mwaka ambao treni kubwa ilipewa jina na namba hizo.

Mtego wa tatu ni herufi LMS. Kuanzia 1923 reli za Uingereza ziligawanywa kwa kampuni nne kubwa: LMS, LNER, Great Western na Southern. Tarehe 1 Januari 1948 serikali ikazitaifisha, zikawa British Railways. Mtu anayejua historia hiyo huona LMS akasema papo hapo: hii ni ya kabla ya 1948. Kwa treni halisi angekuwa karibu na ukweli. Meccano, hata hivyo, iliendelea kuuza Dublo zenye rangi za kampuni zile nne hadi 1953, miaka mitano baada ya kampuni zenyewe kufa. Mwaka huo ndipo Atholl mwekundu alipompisha Duchess of Montrose namba 46232, wa kijani, mwenye mabamba mawili ya kuelekeza moshi pembeni mwa pua. Wako hana mabamba hayo.

Basi tumekwisha kukibana kichwa chako kati ya mwisho wa 1947 na 1953. Sasa tazama ile namba ya karatasi, 16/751/25. Kwenye machapisho mengi ya Meccano, kundi la tarakimu za katikati ni mwezi na mwaka wa kuchapwa: 751 ni mwezi wa 7, mwaka 1951. Karatasi inajieleza yenyewe tu, wala haiwezi kuapa kwa niaba ya treni, maana makaratasi huhama kutoka boksi moja hadi jingine kama bakuli za jirani. Lakini hapa karatasi na kichwa vinakubaliana, na mimi ningeandika kwenye daftari langu: "Yapata 1951." Hilo neno "yapata" usiliondoe.

Nimesema njia ya rafiki yako ni mbovu kwa sababu amechukua boksi zima kama kitu kimoja. Seti ya zamani ni mkusanyiko wa vitu ambavyo kila kimoja kina umri wake. Mtoto alipewa kichwa na mabehewa mawili, akaongezewa moja kila Krismasi, akakua, akamrithisha mdogo wake, na mdogo wake akabadilishana na mwenzake wa shule. Behewa la plastiki linatuambia umri wa behewa la plastiki tu. Meccano ilianza kutoa mabehewa ya mizigo yenye bodi za plastiki mwaka 1958, kwa hiyo hilo lako liliingia kwenye familia hiyo miaka kadhaa baada ya kichwa. Hata Duchess wa 1939 kama angalikuwapo, angeweza kukaa kwenye boksi moja nalo.

Hayo mengine mawili ya mizigo nayo yatazame moja moja. Ukiona namba iliyotanguliwa na herufi M, E, W au S, umeshika behewa lenye maandishi ya British Railways, ambako M ni kanda ya London Midland, E ya mashariki, W ya magharibi na S ya kusini. Kwa Dublo hilo ni 1953 au baadaye. Ukiona LMS au LNER kamili, rudi nyuma ya hapo. Na siku ukinunua kichwa cha British Railways, mtazame simba. Nembo ya kwanza ni simba amesimama juu ya gurudumu. Kuanzia 1956 ikaja nyingine, simba anachomoza kwenye taji akiwa ameshika gurudumu kwa miguu ya mbele. Kichwa chenye simba wa pili hakiwezi kuwa cha 1954, hata kiapo kiwe kizito vipi.

Kama unataka ushahidi wa kabla na baada ya vita ulio wazi kuliko rangi na herufi, geuza behewa ulalishe mgongo wake kwenye kitambaa laini, utazame ndoano za kuunganishia. Dublo za kabla ya vita zina ulimi mwembamba wa chuma cha springi, bapa kama wembe wa zamani uliokunjwa ncha. Ukiusukuma kwa kidole unacheza. Za baada ya vita zina ndoano nene zaidi, za aina iliyobuniwa na kampuni ya Peco, zinazojifunga zikigusana na kufunguka zikipita juu ya reli maalumu inayozinyanyua. Aina hizi mbili hazishikani vizuri, na ndiyo sababu watoto wengi wa 1948 walilazimika kuziweka kando treni zao za 1938. Kwenye mota pia kuna dalili: za mwanzo zina sumaku ya umbo la kiatu cha farasi, zilizofuata zina kipande kifupi cha sumaku ya aloi iitwayo Alnico.

Dalili hizi zote lazima zikubaliane. Miaka mingi iliyopita nilinunua kichwa kidogo cha tanki, cheusi, chenye ndoano bapa za kabla ya vita, na nikakilipia bei ya kabla ya vita. Nilipofika nyumbani nikakiweka chini ya taa ya meza na kioo cha kukuzia. Mfereji wa skrubu iliyoshika ndoano ulikuwa umekwanguliwa, unang'aa kama shilingi mpya, wakati skrubu nyingine zote zilikuwa na weusi wa miaka. Nikafungua bodi. Sumaku ndani ilikuwa ile fupi. Mtu alikuwa amechomoa ndoano kutoka behewa lililokufa akazipachika kwenye kichwa cha baada ya vita. Tangu siku hiyo sinunui kabla ya kutazama vichwa vya skrubu.

Sasa huo unga wa kijivu. Ugonjwa uliosikia upo, ila hauambukizi. Vichwa hivi na magurudumu yake vilisubiwa kwa aloi ya zinki, si chuma. Zinki ikiwa safi inadumu. Ikiwa na risasi kidogo mno, hata chembe ambazo macho hayawezi kuziona, ile risasi hujikusanya kwenye mipaka ya punje za zinki. Unyevu huingia kwa njia hiyohiyo, metali inalika kutoka ndani, inavimba, inapinda, inapasuka, mwisho inamomonyoka kama biskuti iliyolowa. Mwaka 1929 kampuni ya New Jersey Zinc ya Marekani ilikwisha kutengeneza aloi kwa zinki safi kwa asilimia 99.99 ili kukwepa balaa hilo, lakini viwandani ilitosha fundi mmoja kutupa mabaki ya risasi kwenye chungu cha kuyeyushia, na chungu kizima kikaharibika.

Imani ya kuambukiza inatokana na jambo ambalo watu wameliona kweli: mabehewa mawili yaliyokaa rafu moja yanaugua pamoja. Yanaugua kwa sababu yalitoka chungu kimoja siku moja. Ukitenganisha gonjwa na zima hutaliokoa lolote, kwani kila kimoja kilizaliwa na hatima yake. Hakuna dawa, gundi wala rangi inayousimamisha. Ukavu na joto lisilopandapanda huuchelewesha tu.

Je, chako kinaumwa? Chukua pamba ya kijiti, uisugue taratibu pale penye unga, kisha tazama kwa kioo cha kukuzia. Kama unga umetoka na chini yake metali ni laini, huo ni ukoko wa juu juu tu, zinki iliyokutana na hewa yenye unyevu, na hauna madhara. Kama unaona nyufa nyembamba zinazokutana na kuachana kama tope la bwawa lililokauka, au gurudumu limevimba hata halizunguki sawasawa, huo ndio ugonjwa wenyewe. Unawaandama sana wa kabla ya vita. Kwa treni ya umri wa yako nategemea habari njema. Gurudumu gonjwa linabadilishwa bila shida, maana vipuri vya Dublo bado vinatengenezwa na mafundi wadogo wadogo. Ufa ukiwa kwenye chesisi ya kichwa, usikiendeshe. Mpelekee fundi akione kwa macho.

Kuhusu rangi nakuomba kwa dhati: weka brashi chini. Mabehewa yako ya abiria hayakupakwa rangi kwa mkono. Bati lilichapwa likiwa tambarare, madirisha na mistari na herufi vyote pamoja, kisha likakatwa na kukunjwa. Ndiyo maana rangi inapita kwenye kona bila kujikusanya. Hakuna brashi itakayorudisha hilo. Kwenye kichwa, herufi na mistari ni karatasi nyembamba za kubandikwa zilizofunikwa vanishi, na ukizigusa kwa spiriti au petroli zitaondoka kwenye kitambaa chako. Mchubuko wa asili mkusanyaji anausamehe. Kiraka cha rangi mpya hakisamehewi, kwa sababu mnunuzi anajiuliza umeficha nini chini yake. Tumia brashi laini kavu, kisha kitambaa kilicholoweshwa kwa maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni na kukamuliwa vizuri, ukizikwepa herufi, halafu kausha hapohapo.

Ndani ya kichwa kazi ni nyingine. Mafuta ya zamani yatakuwa yameganda kama gundi ya kahawia. Yafute kwa kijiti cha pamba kwenye giya na kwenye ekseli, kisha weka mafuta ya cherehani, tone moja kwa ncha ya sindano kila sehemu. Usiichomoe sumaku ya mota, wala ile sehemu inayozunguka katikati yake. Sumaku hizi za zamani zikiachwa wazi bila chuma cha kufunga njia yake hupoteza nguvu, na kichwa kilichokuwa kinavuta mabehewa matano kinashindwa na mawili. Fundi mwenye mashine ya kurudishia usumaku atakusaidia ikiwa mtu wa kabla yako alikwisha kufanya kosa hilo.

Na transfoma. Usiichomeke ukutani, hata kujaribu tu. Waya uliofunikwa kitambaa una mpira ndani ambao baada ya miaka sabini unakatika kama tambi kavu, na ndani ya lile kasha zito umeme wa nyumbani unaweza kuwa umegusana na bati unalolishika. Iweke kama kumbukumbu, plagi yake ukiikata. Kwa kuendeshea, nunua kidhibiti kipya cha treni za mfano kinachotoa volti 12 za umeme wa moja kwa moja (DC).

Hapo kuna jambo linalochanganya wengi. Reli tatu si lazima ziwe za umeme wa kubadilikabadilika (AC). Treni za Märklin za Ujerumani ndizo zinazotumia huo, na ukiunganisha Dublo kwenye transfoma ya Märklin mota itavuma papo hapo na kuungua. Dublo inapokea umeme kutoka reli ya kati kupitia kijiti kinachoteleza chini ya kichwa, na umeme unarudi kwa magurudumu kwenda reli mbili za pembeni. Magurudumu ya pande zote mbili yameungana kiumeme. Kwa hiyo ukiiweka Duchess yako juu ya reli mbili za kisasa, ambazo moja inaleta na nyingine inarudisha, umefanya shoti hapohapo. Meccano yenyewe ilihamia reli mbili mwaka 1959, kwa hiyo ukinunua mabehewa au vichwa vya kuongezea, uliza kwanza: vya reli tatu au mbili?

Uliogopa kusema waziwazi, lakini nahisi unauliza kama ulipunjwa. Atholl ni kati ya Dublo zilizotengenezwa kwa wingi, wala si adimu. Pauni 140 kwa seti ya baada ya vita yenye reli zake na kichwa kinachotembea haiumizi sana. Kwa kichwa kisichotembea ni kubwa. Kama muuzaji alikuandikia "1939" kwenye risiti, rudi kwake kwa upole na maelezo haya, umwombe akupunguzie. Thamani usiipime kwa bei ambazo watu wanaomba. Itazame kwenye bei ambazo minada ilifunga, kwa hali inayofanana na ya kwako. Kwa kukaguliwa ana kwa ana, Hornby Railway Collectors' Association ni chama cha watu waliozishika treni hizi maisha yao yote, na huwa wanafurahi kugeuza behewa la mgeni kulitazama tumbo lake.

Safari ya Mombasa inawezekana. Funga kila behewa peke yake kwa karatasi laini isiyo na asidi, usitumie gazeti, na usiweke plastiki inayobana jasho. Tia vifuko vya kunyonya unyevu ndani ya boksi, na umweleze baba avikaushe juani kila vikijaa, kwa sababu hewa ya pwani ndiyo inayoamsha ule ukoko wa zinki. Kidhibiti utakachonunua Uingereza kitafanya kazi kule bila adapta, maana volti ni 240 na plagi ni zilezile za pini tatu. Wajukuu wakiwapo, wasizitie treni mdomoni. Rangi za enzi zile zinaweza kuwa na risasi.

Reli zitandikwe juu ya meza au ubao. Zikiwekwa juu ya zulia au mkeka, nyuzi zitapanda kwenye ekseli na kuzisonga giya siku ya kwanza. Mwache baba ashike kidhibiti yeye mwenyewe, aanze kwa mwendo wa taratibu dakika kumi mbele na kumi nyuma bila behewa hata moja, mpaka mafuta mapya yaenee. Ukisikia harufu ya kuungua, au mota ikivuma bila magurudumu kuzunguka, zima mara moja uniandikie tena, na picha ya upande wa chini wa kichwa.